Mtu wako akisema amechoka kuishi: namba za kupiga na la kufanya usiku huohuo

Maswali ni yaleyale kila mara. Nimpigie nani? Nikimuuliza waziwazi, si nitakuwa nimemtia wazo? Nikimpeleka hospitali, polisi hawatamchukua? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote: je, kama anayewaza hivyo ni mimi mwenyewe? Nimeyajibu hapa kwa mpangilio wa kutendeka. Nimemlenga zaidi msomaji wa Kenya. Wa Tanzania na walio ughaibuni nimewawekea yao panapowahusu.

Kama hatari ni ya sasa hivi, usisome yote. Ikiwa mtu ameshakunywa kitu, amejijeruhi, au anaaga watu, usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kumwita jirani. Mwite jirani kwa sauti. Piga 999 au 112 ukiwa Kenya, 112 ukiwa Tanzania. Gari la wagonjwa likikawia, pakieni teksi, pikipiki au gari la jirani, mwende hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura.

Na kama ni wewe: toka chumbani, nenda aliko mtu yeyote, hata mlinzi wa getini au mama muuza chapati. Piga 1199 (Kenya) na useme maneno haya tu: "Nataka kujiua na ninaogopa kubaki peke yangu." Huhitaji kueleza zaidi ili usaidiwe.

## Viandae hivi kabla

- Simu yenye chaji. Kukosa salio si kizuizi, namba kadhaa hapa chini ni za bure.
- Mtu wa pili unayemwamini. Kazi hii humshinda mtu mmoja ikifika usiku wa tatu.
- Kitambulisho chake, na paketi au karatasi za dawa anazotumia kama zipo.
- Nauli ya usiku iliyotengwa kando. Nauli ya saa nane za usiku si ya saa nane za mchana.
- Kalamu na karatasi.

Namba zenyewe:

- 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya, bure.
- 0800 723 253, Emergency Medicine Kenya Foundation, bure.
- 0722 178 177, Befrienders Kenya. Hii ni namba ya kawaida, inakata salio.
- 1190, laini ya vijana ya LVCT Health, Kenya, bure.
- 116, simu ya watoto, Kenya na Tanzania, bure. Mzazi au mwalimu pia anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto.
- 988, Marekani (tangu Julai 2022) na Kanada (tangu Novemba 2023). Marekani, ukipiga kwa sauti, wanaweza kukuunganisha na mkalimani. Tamka "Swahili" mapema kabla mazungumzo hayajaenda mbali.
- 116 123, Samaritans, Uingereza, bure.

Zihifadhi leo, hata kama nyumbani kwenu hakuna tatizo. Simu yako ikiwa inashikwashikwa na wengine, ziweke kwa jina lisilozua maswali, "Fundi maji" au lolote.

## Hatua kwa hatua

1. Sikiliza maneno ya nyumbani. Ni wachache watakaokwambia moja kwa moja kwamba wanataka kujiua. Utasikia: "Mtabaki na picha yangu." "Nimewachosha, karibu mtapumzika." "Nikiondoka, niangalizie watoto." Utaona mengine kwa macho: kijana anayelipa vijideni vyake vyote ndani ya wiki moja, anayempa mdogo wake simu na viatu, anayepiga simu kwa watu wa zamani kuomba msamaha. La kuangaliwa sana ni utulivu wa ghafla baada ya wiki za kulia na kukosa usingizi. Familia hushangilia, "amepata nafuu," kumbe huenda ameshafikia uamuzi. Na ikiwa aliwahi kujaribu, kila dalili ihesabu mara mbili. Jaribio la zamani ni miongoni mwa viashiria vizito kuliko vyote.

2. Muulize waziwazi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuuliza hakumtii mtu wazo. Limechunguzwa miaka mingi na jibu limekuwa lilelile: anayewaza kujiua hupata ahueni akiulizwa, na asiyewaza atakujibu hapana, basi. Kinachodhuru ni kuuliza kwa namna inayomfungia mlango. "Wewe si unawaza ule upuuzi, au?" Swali hilo limeshajijibu, atasema hapana ili akuridhishe.

Tafuta mahali pa faragha, keti, tumia neno lenyewe. Dada kwa mdogo wake: "Juma, siku hizi unasema umechoka na dunia. Nakuuliza bila kuficha: unafikiria kujiua?" Mke kwa mume: "Baba Amina, tangu kazi iishe hulali. Umefika mahali pa kutaka kufa?" Baada ya hapo, nyamaza. Ukimya wake utakuchoma, uvumilie.

Kwa mzazi au mkubwa wako kuna ugumu wa adabu, na si ugumu wa kupuuza. Mtoto kumuuliza babake swali hili kunaweza kuonekana kumvua nguo. Ukiweza, pitia kwa anayeruhusiwa: baba mdogo, shangazi, rafiki yake wa barazani, au mjukuu mkubwa aliyezoea kutaniana naye. Lakini njia hiyo ni ya leo au kesho asubuhi, isingoje kikao cha ukoo. Hakuna wa kumtuma? Uliza mwenyewe: "Baba, nisamehe nikivuka mpaka. Naogopa kukupoteza kuliko ninavyoogopa kukukosea."

Akikubali, uliza mengine matatu: amefikiria atafanyaje, amefikiria lini, na je, kitu hicho anacho karibu? Kadiri majibu yanavyokuwa ya uhakika, ndivyo muda ulivyo mfupi. Mwenye mpango na kitu mkononi anapelekwa hospitali usiku huo, hatua ya 5.

*Tahadhari:* Usiape kutunza siri. Sema: "Siwezi kukuahidi kunyamaza. Ninachokuahidi ni kwamba sitamwambia mtu bila wewe kujua ni nani." Usianze na dhambi wala moto wa jehanamu pia. Anajua, huenda ameshalia juu ya hilo kwenye mkeka wa swala au kwenye benchi la kanisa kabla hajakwambia wewe. Na "fikiria watoto wako" inaonekana kama tegemeo, lakini kwa mtu anayeamini kuwa yeye ni mzigo kwa hao watoto, inamkandamiza.

3. Ondoa vitu vya hatari nyumbani. Ifanye siku hiyohiyo. Hamu ya kujiua huja kama wimbi, hupanda ikashuka, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kitu kikiwa mbali wakati wimbi liko juu, mtu huvuka. Watu husema "akiamua ameamua, atatafuta njia nyingine." Si kweli kwa wengi. Sri Lanka ilipoanza kupiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali, idadi ya wanaojiua nchini humo ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Kwa hiyo dawa za shamba na za mifugo ziende kwa jirani au kwenye stoo ya chama, zifungwe kwa kufuli. Vidonge vya nyumbani, hata vya bibi vya presha, vikae kwa mtu mmoja anayetoa dozi ya siku. Kama ndani kuna silaha ya kazi, ya askari au mlinzi, mjulishe mkuu wake. Mwambie mhusika unachofanya na kwa nini. Ukifanya kwa kificho atahisi anawindwa.

4. Piga simu ya msaada. Hupigi ili "watume gari waje wamchukue." Atakayepokea ni mtu aliyefunzwa kusikiliza. Atauliza kama uko salama kwa sasa, nini kimetokea, na nani yuko karibu nawe. Jina lolote linatosha. Ukipiga kwa niaba ya mwingine, anza hivi: "Napiga kwa ajili ya ndugu yangu. Ana miaka ishirini na nne, ameniambia anataka kujiua, yuko chumba cha pili. Nifanye nini sasa, na karibu na hapa nimpeleke wapi?" Andika wanachokujibu. Ukitulia unadhani utakumbuka; hutakumbuka.

5. Mpeleke hospitali. Si lazima Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo Nairobi. Jina hilo peke yake limewafanya wengi wabaki nyumbani, kwa sababu ya yale tuliyozoea kuyasema mtaani juu ya barabara ya Thika. Hospitali ya Mathari ipo na ni ya rufaa ya taifa, lakini pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali ya kaunti iliyo jirani. Pwani, Port Reitz kule Mombasa ina kitengo cha afya ya akili. Magharibi kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Tanzania kuna Mirembe pale Dodoma na idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Hospitali ya mkoa au ya wilaya itakupokea na kukuandikia rufaa.

Tatizo la kweli ni dirisha la mapokezi. Kuna foleni nyuma yako, kioo kina kitundu, na karani anauliza kwa sauti, "Mgonjwa anaumwa nini?" Watu hapo husema "kichwa," wakapewa panadol wakarudi nyumbani. Andika mapema kwenye kipande cha karatasi: *Mgonjwa wangu anataka kujiua. Tunaomba aonwe leo, mahali pa faragha.* Kipitishe dirishani. Kikipuuzwa, muulizie muuguzi wa zamu.

Pesa zisiwarudishe mlangoni. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#, ila msikae nyumbani kusubiri ukamilike.

Kabla ya kutoka, ulizeni haya na myaandike: tarehe ya kurudi, jina la atakayemwona, dawa zinaanza kufanya kazi baada ya muda gani, na hali ikibadilika usiku twende wapi.

*Tahadhari kwa aliyekunywa sumu au vidonge vingi:* usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Maziwa ni mazoea ya vijijini na yanaweza kumpalia mtu. Beba chupa au paketi ya alichokunywa. Hata akisema anajisikia vizuri, nendeni. Baadhi ya sumu hukaa kimya kwanza.

Kuhusu polisi: Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinamhukumu aliyejaribu kujiua. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Bado kuna wanaokitaja, wakiwemo baadhi ya wenye sare, kwa hiyo ijue tarehe hiyo. Tanzania, kifungu cha 217 kinaliita kosa, na najua hofu hiyo huwafanya watu wafiche. Kimbilieni matibabu kwanza. Ya kituoni yashughulikiwe na mzee wa familia au wakili wakati mgonjwa yuko kitandani, salama.

6. Andikeni karatasi ya usalama pamoja. Ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake na maneno yake, iandikwe siku akiwa ametulia. Mfano:

> *Dalili kwamba inakuja:* sili, nazima simu, nawaza deni la sako.
> *Nitakachofanya mwenyewe:* kuoga, kutembea hadi stejini, redio.
> *Pa kwenda penye watu:* kinyozi kwa Ali, msikitini, kwa mama Njeri.
> *Watu wa kuambia:* dada Rehema, kisha Otieno.
> *Namba:* 1199, 0800 723 253, hospitali.
> *Nyumbani:* dawa ziko kwa dada. Silali peke yangu mwezi huu.

Mpangilio huo ni wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na unatumika hospitali nyingi duniani. Kinachoufanya ufae ni udogo wake. "Nitamtumaini Mungu na kuwa na mtazamo chanya" hakusaidii saa tisa usiku. "Nitatembea hadi stejini" kunasaidia. Piga picha karatasi, ikae kwenye simu yake na yako.

7. Linda wiki za kwanza. Kutoka hospitali si mwisho wa hatari. Siku na wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa ni miongoni mwa nyakati za kuogopwa zaidi, na ndizo familia hulegeza kamba kwa kuchoka. Gawaneni zamu za kulala naye na za kumpeleka kliniki. Dawa za sonona (depression) kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, kwa hiyo akisema siku ya tano "hazifanyi kitu," ni kweli, na asiziache. Kwa kijana, siku za mwanzo za dawa zinahitaji jicho la karibu zaidi. Akizidi kuhangaika au kukosa usingizi, rudini kabla ya tarehe.

## Kama ni wewe mwenyewe

Hatua ni zilezile, ila unaanza na ya 3 na ya 4. Mpe mtu kile kitu, kisha piga simu. Kama mdomo ni mzito, tuma ujumbe. Unaweza kunakili huu: *Siko sawa. Nimekuwa nikifikiria kujiua. Sihitaji unipe ushauri, nahitaji uje ukae nami na kesho unipeleke hospitali.* Mtumie mtu mmoja. Asipojibu baada ya dakika kumi, mtumie wa pili. Usichukulie kimya cha simu kuwa jibu. Watu hulala, chaji huisha.

Pombe iache kwa sasa, hata ile kidogo ya kutafutia usingizi. Huondoa breki.

Jipe kusubiri: usiku huu sifanyi lolote. Kesho rudia.

## Yakikwama

Simu haipokelewi. Ruka namba inayofuata, usirudie moja mara kumi. Zote zikikataa, dawa ni hatua ya 5. Hospitali yenye dharura haifungi.

Anakataa kwenda hospitali. Mpunguzie ukubwa wa jambo: "Twende tu ukapimwe usingizi na presha, nami niko nawe." Usingizi ni mlango mzuri, kwa sababu karibu wote hawalali na hakuna aibu ndani yake. Lakini ukifika, mwambie daktari yote. Kama ana mpango na kitu mkononi, hiari yake inasubiri. Ita watu, piga 999 au 112.

Wazee wanasema ni mapepo, au amerogwa. Usipoteze usiku kwenye ubishi huo. Dua, maombi na kisomo viendelee, na hospitali iendelee. Hakuna kinachozuia kingine, isipokuwa pale anapofungwa kamba, kufungishwa saumu au kuachishwa dawa. Hapo kataa. Shehe au mchungaji akimwambia "nenda hospitali, nami nitakuja kukuona," hilo hushinda hotuba zetu zote, kwa hiyo mtafute wa namna hiyo mapema.

Yuko mbali, mna simu tu. Kazini Riyadh, chuoni, kwa mume aliyehamishwa. Mweke kwenye laini, na kwa simu nyingine mtafute aliye karibu naye kimwili: mwenzake wa chumba, mlezi wa wanafunzi, mwenye nyumba. Uliza anwani yake mapema katika mazungumzo, mambo yakiwa hayajachacha bado. Ni ajabu tunavyojua sauti za watu wetu bila kujua wanaishi jengo gani.

Alisema, sasa anacheka na kudai ilikuwa utani. Endelea kama hukusikia kicheko. Vitu vya hatari vibaki mbali, uliza tena baada ya siku mbili.

Ni mtoto. Usingoje awe na "maneno ya mtu mzima." Anzia 116, na mjulishe mwalimu mmoja tu anayeweza kufunga mdomo. Uliza kama kuna anayemwumiza, nyumbani au shuleni, kwa sababu kumrudisha kwa anayemwumiza hakutamponya. Likiwa suala la ukatili, Kenya kuna pia 1195, bure.

Umekwisha, wewe unayemsaidia. Unashtuka simu ikilia, hufanyi kazi, unamchukia kidogo na unajichukia kwa hilo. Namba zilezile zinakupokea na wewe, sema "mimi ndiye ninayemwangalia mgonjwa." Kisha mpe yule mtu wa pili zamu ya usiku mzima, na ulale nyumba nyingine.